Kosa Huandikwa Mara Tatu

Kila Jumamosi, ikikaribia saa kumi, Mzee Mburu alifuta ubao wake kwa kitambaa chenye maji, akaukausha kwa gazeti, akavaa koti la kijivu na kuketi mbele ya simu aliyoiegemeza kwenye pakiti ya unga. Saa kumi kamili Lynn, mjane wa mwanawe, angepiga kutoka Ruiru, na uso wa mjukuu ungejaa kioo. Dakika ishirini tu. Ndivyo walivyokubaliana mbele ya ofisa wa watoto.

Kutoka kwake Ngoingwa hadi Ruiru si safari ya kumchosha mtu, hata mwenye miaka sabini na miwili. Lakini hakuruhusiwa kwenda. Baada ya kumzika mwanawe Kagwe huko Gatuanyaga, alifika shuleni kwa mtoto, akamwambia mwalimu kuwa yeye ni babu, akamchukua na kumpeleka kuliona kaburi bila kumwarifu mama yake. Lynn alimtafuta mwanawe hadi jua likatua. Tangu siku hiyo ikawa simu tu. Miezi sita ya simu, ofisa alisema, kisha mama na mtoto wataulizwa kama mzee aruhusiwe kuwatembelea. Sasa zilibaki Jumamosi mbili.

Mtoto, mwenye miaka minane, naye aliitwa Mburu, kwa kuwa mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake wa upande wa baba. Mtoto alimwita mzee "guka", yaani babu; mzee alimwita "wakine", yaani mwenzangu wa rika, na hakutaka mwenzake wa rika awe mjinga. Yeye mwenyewe alijua kusoma sawasawa akiwa na miaka thelathini na minane, akitoka zamu kiwandani na kwenda darasa la jioni kwenye ukumbi wa kanisa, huku vijana wakimcheka. Basi dakika zile ishirini alizigeuza shule. Mtoto alisoma, mzee akasahihisha. Kila kosa liliandikwa mara tatu, na daftari likainuliwa mbele ya kamera likaguliwe.

Mutisya, fundi viatu aliyepanga chumba cha nyuma, hakupendezwa.

"Mzee, huyo mtoto anauona ubao kuliko anavyokuona wewe. Aling'oka jino juzi, ulimuuliza?"

"Jino huota lenyewe. Kusoma hakuoti."

Hata hivyo neno lile lilimchoma. Alikuwa ameona macho ya mtoto yakitangatanga, na wiki mbili mfululizo mtoto alikuja kwenye simu akivutwa mkono. Jumamosi hiyo mzee aliufuta ubao na hakuandika kitu. Aliapa kuuliza habari za jino.

Lakini mtoto alikuja mbio. "Guka, leo nimejichagulia kitu cha kusoma, mimi mwenyewe."

Akainua karatasi laini iliyokunjwa. Mzee aliitambua kabla haijafunguliwa. Ilikuwa programu ya mazishi, yenye picha ya Kagwe akitabasamu. Wasifu uliomo ndani aliuandika yeye kwa siku tatu, akakataa msaada wa kila mtu, na waombolezaji walisema hawajawahi kusikia Kiswahili safi kama kile kaburini.

Mtoto akaweka kidole chini ya mstari, akasoma bila kukwama. Siku nyingine yoyote mzee angefurahi hadi machozi. Sasa alimwangalia mtoto akishuka mstari baada ya mstari kama mtu anayekwenda kisimani gizani.

"Ameacha baba, dada wawili na mtoto mmoja."

Kidole kikasimama. Mtoto akausoma mstari tena, kama alivyofundishwa kufanya asipoelewa.

"Guka, mama yuko wapi?"

Nyuma ya mtoto, mlio wa vyombo jikoni ukakoma.

Kagwe na Lynn walikuwa wameishi pamoja miaka tisa, lakini ruracio, yaani mahari, haikuwa imepelekwa kwa kina Lynn, na kwa mila mke asiyeposwa haandikwi. Hivyo ndivyo mzee alivyowajibu waliomuuliza. Hakuwaambia kwamba aliyepaswa kuwaongoza wazee kwenda kuposa ni yeye, na kwamba aliiahirisha safari ile mara nne kwa kuwa msichana hakumaliza shule.

"Nilisahau," alisema.

Mtoto akashusha pumzi. "Basi ni kosa. Kosa huandikwa mara tatu."

Mzee akachukua chaki, akageukia ubao. Akaandika: Ameacha. Chaki ikasimama hapo. Akiandika neno linalofuata, atakuwa amekiri kwamba alisoma uongo juu ya jeneza la mwanawe.

"Chaki imelowa," alisema. "Tutaandika wiki ijayo."

Herufi zilikuwa nyeupe pe ubaoni. Lynn akaingia kwenye kioo, mara ya kwanza katika miezi yote hiyo.

"Hukusahau, Baba. Mwambie mtoto ukweli. Mara moja inatosha."

Mzee akatazama saa ya ukutani, akasema muda umekwisha.

"Bado dakika nane," Lynn alisema. Akamngoja. Mzee alitazama mikono yake. Kisha kioo kikawa cheusi.

Jumamosi iliyofuata aliandika tangu asubuhi, kwa herufi kubwa, mara tatu: Ameacha mke wake, Lynn, na mwana wao, Mburu. Akaielekeza simu ubaoni na kuketi kando, ili atakayetokea auone ubao kwanza. Saa kumi ikapita. Akapiga mwenyewe. Simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Mutisya akapita mlangoni na mzaha wake mdomoni, akasoma ubao, akaondoka na mzaha huo.

Jumatatu ofisa alipiga simu ya kawaida, isiyo na picha. Alisema mama ameulizwa, na mtoto pia ameulizwa, peke yake, na majibu yao ni mamoja: asiwatembelee. Mzee alimsikiliza akiwa amesimama, kama walivyosimama zamani mwalimu akiingia ukumbini. Mwishoni aliulizwa kama ana la kusema.

"Nimeandika," alisema. "Mara tatu."

Ofisa akauliza ameandika nini, na amempelekea nani.