Siku Tuliyompima Khandu

Nimdiki alituletea bahari kutoka tambarare. Ndivyo alivyosema mwenyewe, naye si mtu wa kupamba maneno. Kazi yake ni upimaji, na urefu wa mlima huhesabiwa kuanzia usawa wa bahari. Basi yeye na wenzake walianzia kule chini kwenye mashamba ya mpunga, mahali ambapo urefu wake ulikuwa tayari unajulikana, wakapanda bonde zima na darubini katikati, fimbo ya vipimo mbele, nyingine nyuma, kipande kwa kipande, mpaka kwenye tuta la mawe juu ya kijiji chetu. Walipofika, Nimdiki aliweza kusema bahari iko umbali gani chini ya nyayo zetu. Siku kadhaa tulitembea taratibu, kama watu walio juu ya paa.

Alikuwa amebaki Khandu mwenyewe, mlima wetu, ambaye sisi humwita bibi. Tangu ardhi ilipotetemeka miaka michache kabla, watu wa ng'ambo ya bonde hawakuacha kutucheka kwamba bibi yetu amekaa kitako.

"Na akiwa amepungua kweli?" mama yake Nimdiki aliuliza jioni moja, akimenya viazi vya moto. "Utawaambia?"

"Nitawaambia, mama."

"Jamani, nimezaa mtoto gani huyu! Kumwaibisha bibi yake mbele ya majirani!"

Ongchu, mdogo wake Nimdiki, alicheka mpaka chai ya siagi ikampalia. Yeye ndiye aliyechaguliwa kupeleka vyombo kileleni. "Usihofu, mama. Nitakisimamisha chombo juu ya kofia yangu."

"Wewe kasimamishe akili yako tu," Nimdiki akamwambia.

Siku ya kupima, kulipopambazuka, tulikuwa tumemzunguka Nimdiki kwenye tuta. Ukungu ulilala bondeni, na Khandu alikuwa amejitenga na dunia. Alielea, wa rangi ya waridi, mrefu kuliko siku zote. Tukamwambia apime haraka, bibi akiwa bado mrefu hivyo.

"Huo ni uongo wa hewa," alisema bila kutoa jicho kwenye darubini. "Hewa ya baridi inapinda mwanga, inamwinua. Tusubiri jua lipande."

Tukasubiri. Moshi wa matawi ya mreteni tuliyomchomea bibi ulikwenda juu umenyooka.

Asubuhi ilipokolea, redio ikakoroma. Ongchu na mwenzake Tsultrim walikuwa wamefika. Tsultrim alishuka kidogo kuinasua kamba iliyokwama kwenye barafu, na Ongchu akabaki peke yake. Alichimbia stendi kwenye theluji, akafunga kipokezi cha kusikiliza setilaiti na, chini yake, kioo cha kurudisha mwanga. Nimdiki angetuma mwanga kutoka kwenye darubini, kioo kingeurudisha, na kutokana na muda wa safari hiyo angejua umbali. Ukiongeza pembe ambayo darubini imeinuka, urefu unapatikana.

Kisha wingu likaja, likamfunika Khandu kichwa.

"Subiri kidogo," Nimdiki alisema redioni. "Litapita."

"Sina haraka, dada." Sauti yake ilikuwa laini mno. "Huku kuna joto zuri. Nimevua glavu."

Nimdiki aliinua uso kutoka kwenye darubini.

"Dada, bahari yako naisikia. Ipo hapahapa, chini ya theluji. Inapumua."

Nasi tuliokuwa pale, Mungu atusamehe, kwa kitambo tulitega masikio. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye furaha kabisa. Nimdiki peke yake ndiye aliyebadilika rangi.

"Ongchu, vaa glavu. Shika mpira wa oksijeni. Umezibwa na barafu?"

"Uache tu. Nataka kulala kidogo."

Kiongozi wa wapimaji alimgusa Nimdiki bega, akamnong'oneza kwamba wingu linaanza kupasuka, apime kwanza, amwache kijana dakika chache tu. Nimdiki aliusukuma mkono ule.

"Wewe Ongchu! Unakumbuka ulivyokimbizwa na yaki wa mjomba Lhundup, ukajikojolea?"

Redio ilikoroma tu.

"Yaki mwenyewe jike! Tena mwenye mimba!"

"Alikuwa dume," redio ikasema, polepole.

"Jike! Kijiji kizima kinajua. Mkeo yuko hapa, anacheka."

Mkewe alikuwa amejifunika uso kwa shali, analia.

"Dume! Alikuwa na pembe hivi..."

"Basi kama wewe ni mwanamume, shika mpira huo uupige kwenye goti. Sasa hivi!"

Tulisikia kitu kikigongwa, tena na tena, halafu pumzi ndefu yenye kukwaruza, na nyingine. Kisha sauti tuliyoizoea, yenye hofu: "Dada? Glavu zangu ziko wapi?"

"Zitafute, zivae, shuka. Acha kila kitu."

"Na vipimo?"

"Shuka!"

Tsultrim alikutana naye njiani, akamfunga kwenye kamba yake. Jua lilipokuwa utosini, wingu likaondoka lote kwa pamoja. Nimdiki aliinama kwenye darubini, na kileleni, ambako hapakuwa na mtu, akaona cheche moja ndogo ya mwanga. Alirudia kulenga mara nyingi mpaka cheche ikatulia katikati ya darubini. Kwenye matuta mengine, walikosimamisha darubini zao, wenzake nao waliiona. Nilipewa nafasi nikachungulia. Sijui kuieleza. Ilikuwa kama kutazamwa.

Ongchu alipoteza ncha za vidole viwili kwa baridi.

Hesabu zilichukua miezi. Khandu akatoka mfupi kidogo kuliko ramani ya zamani. Kwa sababu ya tetemeko, au vyombo vya kale, Nimdiki anasema hajui. Mama yake alisikia, akatoka nje, akamwangalia bibi kwa muda, kisha akarudi kuchochea moto.

Ongchu hakumbuki neno lolote alilosema kule juu. Hukumbuka joto tu. Mara nyingine, akiwa anapasua kuni, husimama na shoka mkononi, uso umelegea, na mkewe humwita jina lake mpaka aitike.