Sifuri ya Mama Fudeko

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nawahi kulisema mwenyewe kabla mke wangu hajawasimulia, maana yeye akisimulia huongeza chumvi.

Kazi niliyopata ilikuwa tamu: kulipwa kwa kuudhi watu. Dokta Yukari, dada mmoja wa Sapporo mwenye miwani mikubwa, alikuwa anapima wepesi wa watu kukasirika katika nchi mbalimbali. Kila mji ulichokozwa kwa uchokozi uleule: mtu anachomekea foleni dukani, na mpimaji aliyejibanza pembeni anatoa alama, sifuri mpaka kumi, kwa kuangalia sura, sauti na maneno ya aliyeudhiwa. Mchokozi wa Pusan alivutwa shati. Wa Napoli alihubiriwa mpaka mikate ikaungua. Mimi nilianzia Osaka, kwetu, ambako bibi mmoja aliniuliza kama mama yangu alinizaa au aliniokota jalalani. Tisa! Nilitoka pale kifua mbele. Mtu aliyekwisha kufilisika mara mbili na kukimbiwa na mshirika wake hababaiki kwa matusi.

Halafu ikaja zamu ya Kyoto, ambako nimeoa. Mke wangu Chizuko ana mkahawa mdogo wa tofu ya moto, na tofu yenyewe hanunui kwingine ila kwa Mama Fudeko, anayegandisha maziwa ya soya yaliyopikwa kwa maji ya kisima chake mwenyewe. Wateja wakipewa nyingine wanaijua kabla hawajameza. Sasa mimi, katika maduka yote ya Kyoto, nikachagua la Mama Fudeko. Nilijiambia: pale wananifahamu, hawatanipiga.

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikawapita wote, nikajipenyeza mbele, nikanguruma, "Mama, nipe vipande viwili vikubwa, nina haraka!"

Mama Fudeko akatabasamu. "Ala, Bwana Hamaguchi! Una sauti nzuri wewe. Mpaka ng'ambo ya mto wamefaidi."

"Nimezaliwa nayo, mama. Asante."

"Inaonekana. Na mtu wa shughuli nyingi kama wewe kukumbuka kaduka kangu haka! Nimeona heshima."

Foleni nzima ikatabasamu naye. Nje, dokta akaandika sifuri.

"Si nilikwambia?" nikamwambia. "Watu wa Kyoto damu yao ni maji ya barafu." Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Chizuko alikuwa anakata vitunguu. "Alisema nini?"

"Alinisifia sauti."

Kisu kikasimama. "Akasifia na nini kingine?"

"Kwamba nina shughuli nyingi. Mbona unanitazama hivyo?"

"Yaani kakusifia mara mbili, mbele za watu, na wewe ukasema asante?"

"Ulitaka nimrushie kiatu?"

"Sadao, mwanamume wa Osaka wewe! Kwetu Kyoto sifa ya namna hiyo ni tusi. Umetumaliza."

Kesho yake tofu ikawa imekwisha. Imekwisha kwetu tu; waliokuwa nyuma ya Chizuko walipata. Siku iliyofuata Mama Fudeko alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba tofu yake ni ya kishamba, haiufai tena mkahawa wa kifahari kama wetu. Jioni wateja wetu wakaonja tofu ya supamaketi, wakaweka vijiti chini, wakasifia mapazia. Wiki nzima ya namna hiyo na mke wangu angefunga mlango.

Tukaenda kuomba radhi na boksi la vitumbua vya maharage, nikamkokota na dokta athibitishe kuwa ulikuwa utafiti tu. Chizuko aliinama mpaka nikakionea huruma kiuno chake.

"Jamani, vitumbua vya duka lile la gharama!" akasema Mama Fudeko. "Halafu na utafiti! Kumbe nina bahati, nimepimwa na wasomi."

Sifa tena! Nikashindwa kuvumilia. "Mama Fudeko, basi! Nimekosa. Niite punda, nipige hata na mwiko, lakini usinisifie tena, nakuomba!"

Mama Fudeko akaweka kisu chini.

"Punda ana adabu," akasema. "Umevamia duka langu kama zimamoto, umewakanyaga wazee vidole, halafu unasema asante! Mkeo anaamka alfajiri miaka yote hii, na wewe unachezea riziki yake ili uandikiwe alama? Mpumbavu mkubwa! Chizuko, lete ndoo yako, mwanangu."

Chizuko akalia huku ndoo ikijaa tofu. Mimi nilitetemeka, lakini kwa raha.

"Hii sasa ni tisa," dokta akanong'ona, kalamu mkononi.

"Kumi!" nikasema. "Hata Osaka sijapata ya hivi."

"Andika sifuri," Chizuko akasema, akijifuta macho. "Kumi ilikuwa siku ile ya kwanza."

"Siku ile hakupandisha hata sauti!"

"Ndiyo maana!"

"Lakini dada, kipimo changu kinasema..."

"Basi kigeuze miguu juu!"

Tukabishana palepale, kila mtu na namba yake, mpaka Mama Fudeko akagonga meza kwa mwiko.

"Nyamazeni. Hasira zangu za wazi nawapa watu wa mtaa huu tu; wageni nawasifia. Na wewe, Sadao, usivimbe kichwa: umeingia kwa mgongo wa mkeo."