Makala ya Mwandishi Mmoja

Profesa yule hakuwahi kumpenda mtu aliyekuwa sahihi mbele yake. Wanafunzi walimwita Kalamu Nyekundu, maana aliweza kuufuta ukurasa mzima wa mtu kwa mstari mmoja wa wino, kisha akaagiza chai. Fani yake ilikuwa uongozi wa wafanyakazi. Nusu ya maisha yake aliihubiri dini ile ile: mfanyakazi ni wa kubanwa, na akibanwa vizuri atakushukuru. Katibu wake mwenyewe alikuwa ameomba uhamisho mara kadhaa, lakini hilo hakulifanyia utafiti.

Mwanafunzi wake wa uzamivu alikuwa mwanamke mmoja ambaye dada yake alimbandika jina la Dodoso. Alilipata kwa sababu ya madodoso, zile karatasi za maswali ya kutia alama, ambazo alizunguka nazo miezi na miezi akiwagawia wafanyakazi wa kiwanda cha biskuti, alikofanya kazi dada huyo katika chumba cha kufungasha. Dodoso alitaka kujua jambo moja tu: bosi mkali huaminiwa na watu wake, au huogopwa tu?

Kuna ujanja mmoja katika kazi hiyo. Watu huchoka, wakaanza kutia alama bila kusoma, kwa hiyo baadhi ya maswali huandikwa kinyume makusudi. Swali la kawaida husema, "Mkuu wangu hunisikiliza," na anayekubali kabisa anapewa alama tano. La kinyume husema, "Mkuu wangu hujitwalia sifa za kazi yangu." Anayekubali kabisa hapo analalamika, basi kabla ya kujumlisha tano yake hupinduliwa ikawa moja. Usipoipindua, lalamiko la mtu linahesabiwa kuwa mapenzi. Mwanafunzi yeyote hufundishwa hivyo mwanzoni kabisa mwa masomo.

Dodoso alikuwa bado hajapindua siku Profesa alipokuja na haraka zake. Kongamano lilikuwa linakaribia na hakuwa na cha kusema.

"Nipe hiyo data kama ilivyo."

"Bado kuna maswali ya kinyume, Profesa. Nimeyatia rangi ya njano. Lazima kwanza..."

"Unanifundisha kazi?"

Akaichukua. Matokeo yakatoka vile alivyokuwa akiota: bosi anavyozidi kuwa mkali, ndivyo watu wake wanavyozidi kumwamini. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye alifurahi mpaka akaimba ukumbini. Makala ikachapishwa katika jarida kubwa, kwa jina lake peke yake, na chini kabisa, pale ambapo jarida humtaka kila mwandishi aeleze alifanya nini, aliandika kwamba yeye ndiye aliyebuni utafiti, akakusanya data, akachambua na kuandika. Akakusanya! Mtu ambaye hajawahi kukanyaga kiwandani, na hata biskuti zenyewe daktari alimkataza.

Dodoso aliisoma mpaka mwisho. Alikwenda ofisini kwa Profesa kumwambia kwamba maswali ya njano hayakupinduliwa, na alikwenda kwa heshima, mlango umefungwa, bila kumwaibisha mbele ya mtu.

"Wivu," Profesa alisema bila kuinua macho. "Nimewaona wengi wenye wivu. Toka, na ufunge mlango."

Kuanzia siku hiyo alimkalia kooni. Sheria ya chuo ilikuwa wazi: hakuna kuwasilisha tasnifu bila kuwa na makala iliyochapishwa yenye jina lako, na hakuna kupeleka makala jaridani bila saini ya msimamizi. Rasimu za Dodoso zililala juu ya meza ya Profesa, chini ya kikombe, zikipata miduara ya chai. Usajili wake ulikuwa unakwisha mwisho wa muhula. Ukikwisha, miaka yake yote pale chuoni inakwenda na maji.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Aliishi chumba cha uani kwa dada yake, akila chakula cha dada yake, na dada yake hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Wenzako wana wajukuu, wewe una daftari," alisema. Jioni hiyo alikuwa ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, imevimba. "Wametuondolea viti. Tunafungasha tumesimama kutwa. Ukiongea na mwenzako, unakatwa. Meneja amebandika karatasi ukutani, eti utafiti umethibitisha, ukali hujenga imani. Huyo aliyeutafiti nikimpata, nitamfungasha na yeye."

Dodoso alikuwa amechuchumaa akimkanda miguu. Aliendelea kukanda.

Mambo yalipasuka kwa barua moja. Mhadhiri wa chuo kingine aliomba data ya makala, akapiga hesabu upya, hesabu zikakataa. Akaliandikia jarida. Jarida likamtaka Profesa ajieleze, na chuo nacho kikataka kikao.

Asubuhi iliyofuata Dodoso aliitwa ofisini.

"Karibu, binti yangu, karibu. Keti. Umekunywa chai?"

Tangu amfahamu, Profesa hakuwahi kumuuliza kama amekunywa hata maji. Dodoso alikaa ukingoni mwa kiti, amejawa na mashaka.

"Nimekuwa nikifikiri," Profesa alisema. Rasimu za Dodoso zilikuwa zimetolewa chini ya kikombe na kupangwa vizuri. "Ile makala tuliifanya pamoja, mimi na wewe. Jina lako kukosekana ni kupitiwa tu. Nitaliandikia jarida waliongeze. Wewe utakuwa mwandishi mwenza, mhusika wa uchambuzi."

"Wa uchambuzi?"

"Ndiyo. Na hapo unayo makala yako, katika jarida kubwa. Unawasilisha tasnifu, nasaini leo leo. Kosa dogo la mwanafunzi husahihishwa, maisha yanaendelea. Hakuna anayemnyonga mwanafunzi."

Dodoso alimtazama usoni, akaona kwamba mzee yule haoni haya hata chembe. Kitu alichokililia siku zote, jina lake juu ya kazi yake, ndicho alichokuwa akipewa sasa, ili ajibebeshe zigo la mtu. Alimchukia, akainuka kitini.

"Naomba nifikirie, Profesa."

"Fikiria," alisema, na sauti ikarudi ile ya siku zote. "Ila usisahau tarehe."

Dada yake aliposikia habari ya jina, hakungoja amalize.

"Chukua! Jina si jina? Aliyefanya asiyefanya, nani ataulizia? Mimi nimechoka kulisha mwanafunzi. Hiyo makala yenyewe inahusu nini?"

 Dodoso angeweza kudanganya, na alilifikiria hilo.

"Ndiyo ile iliyobandikwa kwenu ukutani."

Dada yake aliweka mwiko chini.

"Ile ya viti?"

"Ndiyo. Imetokana na madodoso yenu. Majibu yalihesabiwa vibaya. Mliposema mnaonewa, yeye aliandika kwamba mnaridhika."

"Mimi nilijaza," dada yake alisema polepole. "Kuna swali lilisema bosi anajitwalia sifa zangu. Nilitia alama pale pa mwisho kabisa, nikakandamiza kalamu karatasi ikatoboka. Ulisema tujaze bila woga. Ulisema itatusaidia."

"Nilisema."

"Na haya umeyajua tangu lini?"

"Tangu makala ilipotoka."

"Kwa hiyo ulikuwa unanikanda miguu, na unajua?"

 Dada yake alimpakulia chakula kama kawaida, akamsukumia sahani, akaenda kula chumbani peke yake. Hakumtukana, na hilo ndilo lililomuuma Dodoso zaidi. Alikuwa amekaa na ukweli mfukoni akiogopa saini ya mtu mmoja, huku watu waliomwamini wakivimba miguu. Aliona aibu, na aibu ilipokwisha kumkaa vizuri, woga ukapungua.

Kikao kilifanyika katika chumba kirefu cha idara chenye meza iliyokwanguka na feni isiyozunguka. Mkuu wa idara, mama mmoja mkavu asiyecheka na mtu, aliketi mwisho wa meza. Profesa alizungumza kwa ufasaha. Alimvisha Dodoso kilemba cha ukoka mbele ya wote: mwanafunzi hodari, mwenye bidii, ambaye kwa bahati mbaya katika uchambuzi alipitiwa. Yeye, kama mlezi, alikuwa tayari kugawana naye lawama.

Wajumbe walitikisa vichwa kwa huruma. Hakuna aliyetaka vita na Kalamu Nyekundu.

"Wewe ndiye uliyechambua data?" mkuu wa idara aliuliza.

Karatasi ya kuongezwa jina ilikuwa mbele ya Dodoso, na kalamu juu yake. Profesa alimwangalia kwa jicho la upole, na chini ya upole huo kulikuwa na kisu.

"Hapana," Dodoso alisema. "Mimi nilikusanya. Nilimwambia maswali ya kinyume hayajapinduliwa, akaniambia nisimfundishe kazi. Makala ilipotoka nilirudi kumwambia tena, akanifukuza. Kisha nikanyamaza, na hilo ni kosa langu mimi. Lakini ameandika mwenyewe kwamba amefanya kila kitu peke yake. Abaki nayo peke yake."

"Huyu msichana hana shukrani!" Profesa alifoka, ametoka mishipa ya shingo. "Mimi ndiye niliyemwokota! Kuanzia leo simsimamii! Andikeni, simsimamii!"

"Imeandikwa," mkuu wa idara alisema bila kubadilisha sauti. Kisha akamgeukia Dodoso. "Unafahamu kwamba bila makala na bila msimamizi, usajili wako unakwisha? Sheria siwezi kuipinda."

"Nafahamu."

Hakuna aliyempa mkono alipotoka. Mjumbe mmoja aliyekuwa akimpenda sana zamani alijifanya anatafuta miwani.

Jarida liliiondoa makala. Tangazo lilikuwa aya moja fupi, kwamba majibu ya wafanyakazi yalihesabiwa kinyume, pale ambapo hakuna mtu anayesoma. Profesa alipewa likizo, akaitumia kuandika kitabu. Jina la Dodoso lilifutwa kwenye orodha ya chuo mwisho wa muhula, kama sheria ilivyosema. Aliliona tangazo la jarida, akaenda kulichapisha kwenye karatasi, akampa dada yake alisome.

Dada yake alilisoma mara mbili. Hawakuwa wamezungumza vizuri tangu siku ile.

"Sasa hili limo kwenye kompyuta," alisema. "Ile karatasi ya meneja bado imo ukutani. Na mimi bado nasimama."

Kesho yake walitoka nyumbani pamoja, bila kuongea njiani. Dada yake aliingia na wenzake, Dodoso akazuiwa langoni.

"Unamtaka meneja?" mlinzi alisema, akimpima kwa macho. "Una miadi? Umetoka serikalini?"

"Hapana."

"Chuoni?"

Dodoso alitikisa kichwa. Chuoni hakuwa mtu tena.

"Mimi ndiye niliyewauliza yale maswali," alisema. "Ya kutia alama."

Mlinzi alimkazia macho, uso ukabadilika, lakini si kwa furaha.

"Aa, ni wewe. Na mimi nilijaza. Tulikaa tukingoja." Alisogea karibu na nondo za lango. "Majibu yetu uliyapeleka wapi, dada?"

Dodoso alimpitishia karatasi katikati ya nondo. Mlinzi aliisoma akiwa amesimama, maana na yeye kiti chake kilikuwa kimeondolewa. Alipomaliza, hakumrudishia. Alifungua lango, akatangulia mbele kuelekea ofisi ya meneja, akiwa ameishika karatasi mkononi.