Sindano Kwenye Foronya

Kitabu alikileta Redio. Tulimwita hivyo kwa sababu hazimiki, na kwa sababu yeye ndiye aliyetusomea wakati wa chai pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, wanawake sita na vikombe vyetu, mashine zikipumzika.

Kilikuwa kitabu cha virusi. Mji mzima unakufa: homa, damu puani, siku tatu mtu kwisha. Jamani, tuliogopa. Mmoja wetu aliacha kabisa kusalimiana kwa mkono. Mpiga pasi, mama mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa ananawa mpaka viwiko vinachubuka. Lakini kesho yake, saa nne kamili, wote mbio kwenye benchi kusikiliza kilichofuata.

Aliyetuudhi mle kitabuni ni mtu mmoja wa maabara. Alijikata kwa chupa ya virusi iliyovunjika, akafunga kidonda, akanyamaza, akaenda zake nyumbani kubusu watoto. Tulimtukana vibaya. Na mimi, mdomo wangu huu usio na breki, ndiye niliyemtukana kuliko wote. Nilisema mtu wa hivyo afungiwe chumbani na funguo zitupwe chooni. Nikasema hana roho ya mzazi. Wenzangu wakacheka, wakaniambia nisipandishe presha kwa ajili ya karatasi.

Jumanne, tulipotoka tu kwenye chai, nilikuwa nachambua mashuka. Ya wenye magonjwa ya kuambukiza huja kwenye mifuko myekundu, na hiyo tunaishika kwa glavu nene. Ule ulikuwa mfuko mweupe, kwa hiyo nilikuwa mikono mitupu, kama sisi sote siku zote, ingawa hairuhusiwi. Nilipokung'uta foronya, kitu kikaniuma kidoleni. Sindano. Mtu aliisahau mle ndani, na ilikuwa na damu.

Damu ya nani, sijui. Nilikimbilia bombani nikaosha kidole. Juu ya bomba kuna tangazo: anayechomwa sindano atoe taarifa papo hapo, dawa ya kinga ya VVU haina kazi baada ya saa sabini na mbili. Miaka minne nimepita chini ya tangazo lile bila kulisoma. Siku hiyo nililisoma mara tatu, halafu nikarudi kazini nikafunga mdomo.

Niliogopa kuulizwa glavu ziko wapi. Niliogopa kipimo. Zaidi ya yote niliogopa lile benchi, maana nilijua linavyomsema mtu wa hivyo, na mengi ya maneno yale yalitoka kinywani mwangu.

Nyumbani nina mtoto wa miezi mitano. Mchana bibi yake humbembeleza kwa maziwa ya kijiko, jioni hataki kingine ila mimi. Jioni ile nilimwambia mama mkwe kwamba kifua kinaniuma, ampe chupa. Mtoto akaitema, akalia mpaka sauti ikakauka. Mama mkwe akaiweka chupa chini.

"Mwanangu, una nini na mtoto wako?"

Nikampakata nikamnyonyesha. Nilimtazama anavyomeza.

Alhamisi Redio akafika pale ambapo mtoto wa yule mtu wa maabara anashikwa na homa. Benchi likawaka moto. Mpiga pasi akaomba Mungu amwache baba hai, amzike mwanawe kwa mikono yake mwenyewe. Kisha wakanigeukia, wakingoja nami nitie langu.

"Labda aliogopa," nikasema.

Redio akainua macho kutoka kwenye ukurasa. Akanikumbusha ni nani aliyetaka funguo zitupwe chooni.

"Nimechomwa sindano," nikasema. "Juzi. Kwenye foronya."

Aliyekaa kushoto kwangu alichukua kikombe chake akasimama. Hakukimbia, alisimama tu kama mtu aliyekumbuka kazi. Wa kulia naye akafuata. Mpiga pasi alianza kukagua mikono yake, kidole kwa kidole. Nilibaki peke yangu, na benchi likawa refu sana.

Redio ndiye aliyekuja. Alifunga kitabu, akanishika mkono, akauliza ilikuwa saa ngapi. Nilipomwambia saa tano asubuhi akahesabu, akasema hata saa arobaini na nane hazijatimia, tuondoke sasa hivi. Akaniburuta mpaka chumba cha dharura.

Nesi wa dharura hakunigombeza. Nilijiandaa kwa matusi, nikakuta sauti tulivu ya mtu aliyezoea. Alinitoa damu ya kupima, akanipa kidonge cha kwanza na maji, akasema nimechelewa lakini bado nimo ndani ya muda, na kwamba wengi wanaochomwa hubaki wazima. Nikaanza kupumua. Redio akanibana mkono akatabasamu.

Halafu nesi akauliza kama nina mtoto anayenyonya.

Ningeweza kukataa. Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi, na siku mbili zile nilikuwa nimeuzoea. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nimemnyonyesha tangu Jumanne. Nikasema kila alipolia.

Mkono wa Redio ukaniachia. Aliurudisha mapajani pake. Sikumlaumu.

"Mtoto yuko wapi sasa hivi?" nesi akauliza.

"Nyumbani," nikasema. "Ananisubiri."