Kipande cha Kwanza cha Filamu

Kamera mbili zililetwa studio Jumatatu, na muuza kamera akamwambia binti yangu akae nazo hadi Ijumaa. Azijaribu, ile atakayoipenda ibaki, nyingine irudi dukani. Binti yangu akanikalisha kwenye stuli mbele ya pazia la kijivu.

"Usitikisike, mama."

Nikatulia. Nikavuta pumzi, nikaishika. Stuli ile nimeikalia tangu nikiwa bi harusi, maana marehemu mume wangu alikuwa akipimia taa kwangu kabla mteja hajaingia. Nikangoja. Kifua kikaanza kubana.

"Mama, unapumua kweli?"

"Nakungoja upige."

"Nimeshapiga mpaka nimechoka."

Nikaachia pumzi kwa aibu. Kumbe hizi kamera mpya hazina kile kioo cha ndani. Ya baba yake ilikuwa na kioo kidogo kilichoruka kila akibonyeza, kikagonga, tak, nami nikajua nimeshapigwa, naweza kupepesa macho. Hizi zinakuchukua kimya kimya kama mdokozi jikoni.

Alizifungua picha kwenye kompyuta, ya kamera hii kushoto, ya ile kulia. Mimi shule niliishia ya msingi, lakini macho ninayo, na nimeishi na picha miaka mingi. Ile ya kushoto ilinisema yote: vinyweleo, kovu la mafuta ya moto, uzi uliochomoka kwenye kitenge. Nikaipa jina Mbea. Ya kulia ilinifanya laini, shingo haina hata mkunjo. Hiyo nikaiita Mchumba, kwa sababu ilikuwa inanisifia bila kunitazama vizuri.

"Mbea ana kasoro zake," binti yangu akasema, akizichukua zile lakabu bila kucheka, kana kwamba zimeandikwa kwenye boksi. "Ona kwenye kivuli cha kidevu. Hizi punje, hizi chenga. Ukizima taa moja tu anakuletea chenga kama runinga mbovu. Na chini ya taa za ukutani anaweka michirizi. Halafu anachemka."

"Na mwenzake?"

"Gizani ni msafi. Shida yake anasafisha kupita kiasi. Akiona kitu hakielewi, anakipaka kikawa laini. Nimejaribu kumzimia hiyo tabia, bado anapaka kidogo."

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliingia akiwa ameshaanza kuzungumza tangu barabarani. Tunamwita Spika. Akasimama nyuma yetu, akatazama mara moja.

"Hii ya kulia. Mbona mnajisumbua? Watu hawaji studio kuambiwa ukweli, shemeji. Vioo wanavyo majumbani kwao."

"Baba mdogo, nataka niijaribu kwenye giza kwanza," binti akasema. "Harusi nyingi ni ukumbini."

"Mpige mama yako akiwa na hasira. Ndilo giza ninalolijua."

"Nawe tutakupiga ukiwa umenyamaza," nikamwambia, "kama itatokea."

Alicheka, na mimi nikacheka, lakini moyo wangu haukuwa kwenye ule mzaha. Tangu kamera zilipofika nilikuwa na jambo ambalo sikulisema. Mume wangu alipiga picha za mtaa mzima, za watoto waliokwisha kuwa na watoto wao, na yeye mwenyewe hakuacha picha. Kinyozi hajinyoi. Iliyopo ni ya kitambulisho tu, ndogo kama ukucha wa dole gumba, amekaza macho kama mtu anayeulizwa alikuwa wapi juzi. Siku ya mazishi tuliikuza, ikawa madoa. Sauti yake ninayo. Mwendo wake ninao, nikisikia kandambili zikiburuzwa nageuka mpaka leo. Uso ndio unaniponyoka. Naukamata jioni, asubuhi nakuta pua imekuwa ya mdogo wake. Katika sala zangu sijawahi kumdai Mungu mtu wake. Nilikuwa nasema tu, Baba, huyo ni wako, lakini ule uso niachie.

Binti yangu alitafuta kitu cha giza cha kujaribia, akalivuta sanduku la negativu lililo chini ya meza ya kukatia picha. Humo baba yake alihifadhi negativu za wateja ambao hawakurudi kuchukua picha zao, kila mmoja na bahasha yake. Hakuwahi kutupa hata moja. Alikuwa akisema mteja akikawia si kwamba amekufa.

Akachomoa ukanda mmoja, akauinua dirishani. Akausogeza karibu na jicho.

"Mama. Huyu mwanzoni ni nani?"

Nikaushika kwa ncha za vidole. Kwenye negativu weupe huwa weusi na weusi weupe, kwa hiyo uso hauonekani kama uso. Upande mmoja ulikuwa umeungua, mweusi tii. Upande wa pili ulikuwa mtupu karibu kabisa, una alama hafifu kama ya mvuke kwenye kioo. Lakini bega moja lilikuwa limeshuka kuliko jingine, lile alilozoea kutundikia mkoba wa kamera.

"Baba yako," nikasema.

Spika akanyamaza.

Niwaeleze utaratibu wetu, maana wa siku hizi hawaujui. Ukitia filamu mpya kwenye kamera, kipande cha kwanza kinaunguzwa na mwanga wakati unaipachika. Hakimfai mteja. Wenzake walikibonyeza hivi hivi kikapita. Yeye hakupenda kitu kipotee bure. Alikuwa anasimama mwenyewe pale mteja atakaposimama, ananipa kamera mkononi, nabonyeza, tunaona kama flashi inawaka sawasawa. Basi. Filamu ikishasafishwa alikata kile kipande kwa mkasi, akakitupa. Na aliyekuwa anafagia studio ni mimi. Miaka yote ile nilikuwa nikimfagia mume wangu kwenye uchafu, wala hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba ni picha.

Hiki kilinusurika kwa sababu flashi haikuwaka siku hiyo. Kilitoka kitupu, naona akadhani hakina kitu, hata mkasi hakukipa.

Binti yangu akafanya haraka sana. Akaulaza ukanda juu ya kioo cheupe chenye taa chini yake, akapiga kwa Mchumba, akapiga kwa Mbea. Kisha akakaa kwenye kompyuta kugeuza weusi uwe weupe na kulivuta lile giza polepole.

Mchumba alitoka wa kwanza. Alikuwa msafi. Nusu ya mwanamume, shavu laini, mdomo umefungwa, ametulia kama mtu aliyetoka ibada.

"Ndiye," Spika akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ya chini. "Kaka huyo. Haya, mwanangu, tia kwenye fremu, tundika ukutani."

Binti yangu alikuwa amejiziba mdomo. Wote wawili wakanigeukia.

Nilimtazama yule mtu. Alikuwa na sura nzuri. Nilitaka sana awe yeye, nikamtafutia mlango wa kuingilia, kwenye jicho, kwenye pembe ya mdomo, nisiuone. Ni kama kubisha hodi nyumbani kwako akafungua mgeni mstaarabu.

"Lete ya Mbea."

"Mama, ile ni chenga tupu."

"Ilete."

Akaileta. Kioo cha kompyuta kikajaa punje, nyeusi na nyeupe, kama ndoo ya mchanga imemwagwa.

"Hapa mmempiga nani, dengu?" Spika akauliza.

"Usikae karibu, mama," binti akasema. "Rudi nyuma."

Nikarudi mpaka mgongo ukagusa mlango. Zile punje zikaanza kutulia, kila moja mahali pake. Sikio. Shavu lenye shimo la tetekuwanga. Jicho limefinywa kidogo. Na mdomo, mdomo ulikuwa wazi.

"Alikuwa anazungumza," nikasema.

Binti akaziweka picha mbili bega kwa bega, akakuza mdomo peke yake. Kweli. Kwa Mbea palikuwa na kivuli kati ya midomo, na jino. Kwa Mchumba palikuwa na ngozi.

"Kaupaka," akasema polepole. "Kaona kivuli kwenye chenga, kadhani ni uchafu, kamfunga baba mdomo."

"Alikuwa anasema nini?" Spika akauliza.

Sikuhitaji kufikiri. Kila nilipoinua ile kamera, alisema neno lile lile, kwa sababu mara ya kwanza kabisa nilimpiga kuanzia kifuani kushuka chini. "Alikuwa anasema, usinikate kichwa, mke wangu."

Spika alicheka, kisha akatoka nje, tukamsikia akipenga kamasi uani.

Mimi nikabaki pale mlangoni. Nilikuwa nimeomba uso, na hii ilikuwa nusu, yenye mchanga, lakini ilikuwa inanitazama mimi niliyeshika kamera. Jioni kwenye sala sikujua niseme nini. Nilisema asante, nikakaa magotini muda mrefu.

Jumatano binti yangu aliamua. Mchumba atabaki. Aliniambia akiwa ananiangalia miguu.

"Kazi za ukumbini, mama. Na wateja wanataka—"

"Wanataka kusifiwa. Najua. Baba yako aliishi kwa hela zao, nawe utaishi kwa hela zao. Wala sijakasirika."

"Ile ya baba nitakuchapia kubwa. Ya Mbea."

"Chapa. Lakini Mbea yupo mpaka Ijumaa, sivyo?"

Alinielewa. Tulilivuta lile sanduku hadi dirishani, nikawa nafungua bahasha moja baada ya nyingine, nainua ukanda kwenye mwanga, natazama unapoanzia, nikitafuta kipande kingine kilichoukwepa mkasi. Bi harusi asiyerudi. Mtoto kwenye beseni. Askari na mama yake. Kila ukanda ulianza na mteja, na kabla ya mteja palikuwa na ukingo ulionyooka, safi, wa mkasi. Alikuwa mtu nadhifu. Zamani niliwasifia majirani unadhifu wake.

Ijumaa asubuhi muuza kamera alipiga simu kwamba yuko njiani. Mezani kwangu zilikuwa zimebaki bahasha za kujaa kiganja tu. Binti yangu akazitazama, akanitazama, akatoka nayo simu nje.

"Pita jioni, kaka," nikamsikia akisema. "Bado tunaijaribu."

Nikafungua bahasha iliyofuata.