Macho ya Mwenyekiti

Héritière alianza na paji la uso, kama marehemu baba yake alivyomfundisha kule Lubumbashi: mtawala huanzia kwenye paji, na mwenye paji pana hana hasira za karibu. Alichora juu ya mlango wa kabati uliotupwa, rangi zikiwa kwenye vifuniko vya majarini, nje ya saluni ya Denise hapo Yeoville, mtaa wa wahamiaji. Picha ilikuwa ya Octavian, mtu aliyejipa uenyekiti wa jengo lao na kushika funguo zote.

Octavian alitaka picha ya kutundika langoni. Alitaka pia vyumba vya chini viwe ukumbi wa harusi, na katika kimoja ndimo alimolala mama yake Héritière, ambaye miguu ilikwisha kumkataa. Jumamosi wangetolewa. Hawakuwa na pengine pa kwenda, na Héritière alikuwa amekwisha kupiga magoti bila kuona haya.

Basi akachora. Ile pua nyembamba, kali, aliinenepesha kidogo. Kesho yake asubuhi Octavian alishuka ngazi na pua hiyo. Mkewe, Nomsa, alilalamika tu kwamba miwani haimkai tena. Likafuata lile paji pana, kisha kidevu, na wapangaji waliendelea kumsalimia na kupita na ndoo zao za maji.

Hapo Héritière akashikwa na tumaini, na tumaini lile lilimtesa kuliko woga. Baba yake alikuwa akiapa kwamba moyo wa mtu hukaa kwa namna uso wake ulivyo. Kama uso wa Octavian ulifuata brashi, moyo nao ungefuata uso. Yalibaki macho. Alitafuta kichwani macho ya huruma kuliko yote aliyowahi kuyaona, akachora ya baba yake.

Jumamosi Octavian alifika mlangoni na mabaunsa wawili. Macho yalikuwa yamemkaa vizuri, hata kile kikunjo cha jicho la kushoto.

"Mwenyekiti, mama hawezi tembea," alisema Héritière. "Utuachie hata ka fasi kadogo."

"Najua, dada yangu. Eish, inaniuma sana," alisema Octavian, na machozi yakamtoka. "Toeni godoro."

Majirani, waliokuwa wameahidi kuziba korido kwa miili yao, walimwonea huruma. Denise alimpa kitambaa ajifute. Wengine walisaidia kubeba. Mama, aliyeapa kwamba watamtoa na kitanda chake, alimtazama Octavian kitambo, akatengeneza kilemba, akaachia vyuma vya kitanda.

Héritière alikimbilia langoni, picha ilipotundikwa, na brashi amrudishie Octavian macho yake ya zamani. Denise alimshika mkono taratibu.

"Umuache baba ya watu," alisema. "Unataka kuharibu sura muzuri vile?"

Godoro liliwekwa kando ya barabara, karibu na roboti, zile taa za kuongozea magari, magari yakisimama kwenye nyekundu na kuondoka. Mama alijinyoosha, akageuza shingo kutazama lango.

"Héri, papa yako anashuka saa ngapi?"

Octavian alikuwa anafunga kufuli, mashavu yake bado yamelowa. Héritière alimfunika mama miguu.

"Anafunga mlango, mama," alisema. "Anakuja."