Krimu Mpaka Swichi

Mama Cherehani hakuwa na mume, alikwisha kumzika. Hakuwa na magego. Hakuwa na subira, na hiyo hakuzaliwa nayo. Tena macho yalikuwa yamemfifia hata watu akawa anawajua kwa sauti. Lakini nyumba alikuwa nayo, aliyoijenga kwa kushona nguo za watu, na humo ndani hakushikwa mkono na mtu. Kuta zilikuwa nyeupe, milango kahawia iliyokoza. Palipokuwa na giza ndipo pa kupitia.

Alikwenda kwa binti yake aliyejifungua, akamsaidie kulea mtoto. Aliporudi, kifungua mimba wake, dalali wa nyumba, alimpokea barazani.

"Karibu kwako, mama. Nimekupakia rangi. Krimu, kama maziwa yaliyodondoshewa chai. Kuta, milango, fremu, mpaka swichi. Sasa nyumba ina nuru."

Mama akaingia. Ilikuwa kama kutumbukia kwenye bakuli la uji. Akashika njia ya jikoni kama siku zote, akagonga paji la uso kwenye ukingo wa mlango ulioachwa wazi nusu.

"Unaona sasa?" mwana akasema. "Njoo ukae kwangu. Hapa peke yako utavunjika nyonga, watu waseme nimekutupa."

"Mlango wangu uko wapi?"

"Si huo hapo."

"Nionyeshe basi, wewe mwenye macho."

Mwana akacheka, akaenda zake kazini. Siku ile mama alitafuta choo akipapasa kuta kama mwizi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kila alipopapasa hasira iliongezeka.

Kesho yake akamwita fundi rangi.

"Fundi, umenifungia ndani ya yai."

"Mama, mimi mkono tu. Nimeambiwa paka, nimepaka. Hata krimu yenyewe mwanao hakuichagua, kaichagua mpangaji."

"Mpangaji gani?"

Fundi akakohoa. "Nilidhani unajua. Yule mwalimu na mkewe. Wanahamia mwisho wa mwezi."

Mama akakaa kitini. Upumbavu wa mtoto angeusamehe. Nyumba gani haina mpumbavu wake? Lakini huyu alikuwa amemtoa nyumbani hata kabla hajanyanyuka. Akampigia mwanawe simu.

"Mama, tulia. Nilitaka kukwambia polepole. Kodi itakununulia dawa. Niko na wateja..." Simu ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa.

"Fundi, kahawia unayo?"

"Ipo. Lakini mwanao..."

"Nimemzaa mimi, hakunizaa yeye. Paka milango yote na fremu zake. Swichi nazo zizungushie, kama jicho lililotiwa wanja."

Fundi akapaka. Mama akachukua kalamu nene, akaandika herufi kubwa kama vidole:

*Mwanangu, nyumba yangu haina mpangaji. Mwambie mwalimu wako siku hiyo hiyo utakayoisoma hii, kabla hajafunga mizigo. Siku nikishindwa kuishi hapa nitasema mwenyewe. Ufunguo ulio nao urudishe. Ukija, piga hodi kama wengine. Mama yako.*

"Si umpigie tena tu?" fundi akauliza.

"Ananikatia. Hii aikate akishaisoma."

Akalamba bahasha, akaigandamiza kwa ngumi. Alipotoka, rangi mbichi ya mlango ikamchafua kiwiko, hakujali. Posta akapapasa tundu la sanduku, akaitumbukiza, akasubiri mpaka akaisikia imeanguka chini.